Lazima Nipokee Mtoto Kabla ya Geeske

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Kubwa mno!

Mwalimu Rixt ametutangazia kwamba Ijumaa anakuja Bi. Berdien, mkunga wa vijijini, kuchagua mwanafunzi wa kumchukua kwa kina mama. Mmoja tu! Majumbani kwao, kwenye vitanda vyao. Huyo atakayechaguliwa ndiye atakuwa wa kwanza katika mwaka wetu wa pili wa ukunga kumpokea mtoto kwa mikono yake. Mtoto wa kweli! Mwenye kelele!

Atachaguliwa Douwe Terpstra. Yaani mimi. Bi. Berdien hajui bado, lakini hilo ni jambo dogo.

Kizuizi: Geeske. Baba yake anafuga ng'ombe wa maziwa, naye amekuwa akivuta ndama wanaozaliwa tangu hajang'oka meno ya utoto. Darasa zima linamheshimu. Mimi ndiye mwanamume pekee humo, na baba yangu anauza mazulia. Leo Geeske amesema mbele za watu kwamba siku nitakapoiona damu nitaanguka kama gunia. Uzushi mtupu! Nimeanguka mara moja tu, na ilikuwa picha.

Mpango: nifanye mazoezi kuliko wote. Chuoni kuna sanamu ya mpira ya mama mjamzito. Ukizungusha mpini ulio ubavuni, anajifungua mtoto wa mpira. Tunamwita Mama Jopie. Kesho Mama Jopie anakuja kukaa kwangu. Si wizi. Ni kuazima bila kuwasumbua watu kwa kuwauliza.

Jumanne, 7 Oktoba

Loo!

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilimpakia Mama Jopie kwenye baiskeli yangu yenye sanduku mbele, nikamfunika blanketi la heshima. Miguu ilibaki nje. Miguu yake haikunjiki, ndivyo alivyoumbwa. Upepo wa Groningen nao, nani asiyeujua? Mtaa wa kwanza tu, blanketi likaenda zake.

Nikafika mferejini, daraja limenyanyuliwa kupitisha meli ya mchanga. Foleni ya baiskeli. Watu wote wakaangalia sandukuni. Mama mmoja akapiga ukelele kwamba kuna mzazi hapa, jamani, mpisheni! Akanigeukia mimi: "We baba, mkeo anajifungua na wewe umesimama unashangaa meli?" Nikamjibu kwa utulivu kwamba si mke wangu, ni mpira. Jibu hilo halikutuliza mtu.

Nikajaribu kugeuza baiskeli. Mpini wa Mama Jopie ukanasa kwenye uzio wa chuma. Nikavuta. Nikavuta tena. Mtoto akachomoka! Akadunda mara moja ukingoni, akatumbukia mferejini.

Kabla sijafumbua mdomo, pande la mtu mwenye ovaroli jeupe la mpiga plasta likajirusha majini. Lote! Na buti! Likaibuka na mtoto mkononi, likapanda ngazi, likamlaza mtoto juu ya mawe na kuanza kumpulizia pumzi. Watu wanalia. Watu wanapiga makofi. Mimi nikamgusa bega, nikamnong'oneza kwamba kazi yake ni nzuri ila angeinamisha kichwa cha mtoto kidogo.

Ndipo akamtazama vizuri yule mtoto. Kisogoni ana mhuri wa kiwanda.

Aliyoyasema sitayaandika. Alikuwa anatetemeka, sijui kwa baridi au kwa hasira. Daraja liliposhuka nilipita wa kwanza, na sijawahi kuendesha baiskeli kwa kasi ile. Ushindi mdogo: hakuna aliyeniuliza jina.

Jumatano, 8 Oktoba

Jina limejulikana. Mama Jopie ana anwani ya chuo iliyopigwa chapa pajani. Kuna aliyeisoma pale darajani, akamrudisha mtoto chuoni.

Mwalimu Rixt aliniita, nikamrudisha Mama Jopie. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema ukunga si mchezo wa nani atangulie. Alisema kituko kimoja zaidi nami naenda kuuza mazulia. Kisha akanikabidhi mtoto na taulo, nimkaushe. Maji yameingia ndani. Ukimbonyeza tumbo anatoa sauti ya bata.

Geeske alinikuta nikimbonyeza. Akasema, "Pole, Douwe. Mpaka mtoto wa mpira anakukimbia, hao wenye akili zao itakuwaje?" Wasichana wote wakacheka. Nikacheka pia, kwa dharau. Sidhani kama walitambua ni dharau.

Usiniambie nimeshindwa! Nimefikiri mchana kutwa, na nimepata. Geeske ana mikono, sawa. Lakini je, ana huruma? Je, anajua uzito wa mimba? Hajui! Mimi nitajua. Nitabeba mimba mpaka Ijumaa. Bi. Berdien ataingia, atamwona mwanamume aliyejitwika mzigo wa wanawake, machozi yatamlengalenga.

Nimenunua gunia dogo la viazi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mimba inauma mgongo. Nani angejua?

Viazi nimevifunga tumboni kwa shuka, koti juu. Siwezi kufunga kamba za viatu. Kwenye basi hakuna aliyenipisha kiti. Msichana mmoja aliniuliza kama nimeiba kitu. Nikamwambia nina mimba ya masomo. Akahamia nyuma.

Bi. Hiltje, mama mwenye nyumba, alinikuta ngazini nikihema. Akaniuliza nini hicho. Nikamweleza kwa kirefu juu ya huruma na uzoefu wa mwili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimezaa sita na sijavaa kiazi hata siku moja." Akaniomba vinne vya kupikia. Nikamnyima. Ni sehemu ya mtoto.

Nimesoma sura ya mtoto anayekuja haraka. Ukurasa mmoja tu! Nikasinzia katikati, tumbo likiwa juu ya meza. Kesho ni kesho!

Ijumaa, 10 Oktoba

Bi. Berdien ni mfupi, ana viganja vipana kama makasia, na alikuja na buti za mpira zenye tope. Aliketi nyuma akala tufaha. Hakutokwa na chozi aliponiona. Alitafuna tu.

Jaribio lilikuwa kumzalisha Mama Jopie. Geeske alitangulia. Lazima niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: alikuwa mzuri. Mikono haikutetemeka. Ila wakati mtoto anatoka alimpiga Mama Jopie kofi la paja na kusema, "Haya, songa! Songa! Hooo, hapo hapo!" Bi. Berdien akaacha kutafuna.

Zamu yangu! Nilimsalimia Mama Jopie. Nikamuuliza amelalaje. Nikamwambia mgongo wako naujua, dada, mimi mwenyewe nimeubeba. Darasa likanikodolea macho. Nikaona nimewateka wote. Nikainama kumpokea mtoto.

Shuka likaachia.

Viazi vilitoka vyote. Vilibingirika chini ya kitanda, chini ya viti, kimoja kikasimama mbele ya buti ya Bi. Berdien. Papo hapo mtoto akanidondokea mkononi na kulia kama bata.

Bi. Berdien akaokota kiazi, akakigeuza. "Hongera," akasema. "Wote wazima."

Nilijua nimekwisha. Mwalimu Rixt alikuwa ameshavua miwani, na akivua miwani mtu hufukuzwa. Lakini Bi. Berdien akasimama, akafuta mikono. Akasema yule binti ana mikono lakini anaongea na mama kama yuko zizini. "Huyu kijana ana mdomo, mikono sijaiona bado." Kisha akasema: "Njooni wote. Nyie wawili mkiungana ndipo napata mwanafunzi mmoja."

Nimechaguliwa!!! Nusu, lakini nusu ya mbele!

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika taratibu. Hapana, siwezi taratibu!

Bi. Berdien alipiga simu asubuhi. Kuna mama anaitwa Jitske, mtoto wa pili, uchungu umeanza. Bi. Berdien na Geeske wangekwenda kwa gari. Mimi nitangulie kwa baiskeli, nisimame getini na niwangoje. Alirudia: getini.

Getini! Mtu gani alishawahi kuzalisha akiwa getini?

Nikafika, gari hakuna. Nikagonga mlango kama daktari. Ukafunguliwa. Mbele yangu pande la mtu. Ovaroli jeupe.

Tukatazamana.

"Wewe!" akasema. "Wa mtoto wa mpira!" Mlango ukafungwa puani pangu.

Nikapiga magoti, nikafungua tundu la mlangoni la kuingizia barua, nikaanza kumbembeleza kupitia hapo. Nilimwita kaka. Nilimwita shemeji. Nilimwambia kitendo chake cha mferejini kilikuwa cha kishujaa, na taifa lina bahati kuwa naye. Akanijibu kwamba nikiendelea kuongea atamwaga chai ya moto kwenye tundu. Jina lake nililijua sauti ya mwanamke ilipotoka juu: "Siebren! Awe wa mpira, awe wa mbao, mlete! Chupa imepasuka!"

Simu yangu ikalia. Bi. Berdien. Wamekwama kwenye barabara nyembamba nyuma ya trekta la viazisukari, tela limepinduka, mavuno yote yako njiani. Geeske anayasukuma kwa koleo. Nilimwambia chupa imepasuka. Sauti yake ikawa laini kabisa. Aliniambia nisivute kitu. Nisibonyeze kitu. Ninawe mikono, niongee na mama, na mtoto akija nimpokee, nimfute, nimweke kifuani kwa mama yake, niwafunike. Basi. Simu isikatwe. Siebren akafungua mlango, nikanawa mikono, simu nikaiweka kando ya kitanda kwa sauti ya juu.

Chumba kidogo. Kitanda kimeinuliwa juu ya vigogo, kama wakunga wa hapa wanavyotaka, taulo zina joto kwenye hita. Jitske amepiga magoti, ameegemea ubao wa kitanda, uso mwekundu. Ananiambia ananiogopa. Nikamwambia mimi pia najiogopa, dada. Akacheka! Halafu uchungu ukaja, kicheko kikageuka mngurumo uliotikisa dirisha. Akanishika mkono akaupondaponda. Siebren akaushika ule wangu mwingine. Nikaongea. Sijui niliongea nini. Nadhani niliongelea mazulia.

Kichwa. Nywele nyeusi, zimelowa, zimekunjamana. Geeske nilimsahau. Darasa nililisahau. Sikuwa na mpango wowote, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mwenyewe. Mabega, kisha mtoto mzima kwa mpigo, mzito, wa moto, anateleza, na yuko mikononi mwangu.

Kimya.

Rangi ya bluu. Kimya.

Bi. Berdien simuni: "Msugue mgongo kwa taulo. Msugue, mwanangu, usiogope." Nikamsugua. Siebren akawa anasema tafadhali, tafadhali, kwa sauti ndogo isiyomfaa mtu mkubwa vile. Nikasugua.

Akalia! Wala si kama bata! Kama ving'ora vya Groningen yote! Msichana!

Nikamweka kifuani kwa mama yake, nikawafunika. Halafu nikaketi sakafuni, kwa sababu sakafu ilikuwa inakuja yenyewe. Siebren naye akaketi. Tukalia tukishikana mabega. Damu ilikuwepo, niiandike hiyo! Sikuanguka. Kuketi si kuanguka.

Bi. Berdien na Geeske waliingia wametapakaa tope mpaka nyusi. Bi. Berdien alishughulikia kitovu na kondo la nyuma, Geeske akimsaidia. Baadaye Siebren alituletea biskuti kavu zenye siagi na punje za sukari, za waridi na nyeupe, ndizo za kusherehekea mtoto mchanga. Yangu aliijaza mpaka zikamwagika. Geeske alinipa mkono. Alisema, "Haya, kaka. Umeweza." Nilitafuta kejeli usoni pake sikuiona. Jambo la kutiliwa shaka.

Mlangoni Bi. Berdien aliniambia kitu nikiandike nisikisahau. Kwamba leo nimefanya vyema kwa sababu sikufanya kitu. Kwamba kazi yetu kubwa ni kungoja bila kujitanguliza. Anayekuja kwanza ni mtoto, si mkunga.

Maneno mazito! Yameniingia mpaka mifupani. Nimekuwa mtu mwingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Siebren amepiga simu kusema mtoto amepewa jina. Nilikuwa nimejiandaa. Niliona Douwina lingekaa vizuri, hata Douwtje. Anaitwa Berdien. Berdien! Ambaye alikuwa kwenye viazisukari!

Sijaumia. Mtu mpya haumii.

Nimeyatafakari maneno ya jana siku nzima. Kungoja. Siri yote ni kungoja. Sasa nani darasani anajua kungoja? Geeske? Yule hata chai haingoji iive. Hapa ndipo nitamwacha mbali! Nitakuwa bingwa wa kungoja Uholanzi nzima. Nitangoja mapema kuliko mtu yeyote alivyowahi kungoja.

Nimeazima hema la Bi. Hiltje. Safari hii nimeomba.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika nikiwa hemani! Bustanini kwa mama anayefuata katika orodha ya Bi. Berdien, kando ya ua wa maua, chini kidogo ya dirisha la chumba chake. Mahali pazuri sana. Nasikia akikohoa.

Mumewe alitoka na reki ya majani. Aliniuliza, kwa adabu, ninafanya nini. Nikamwambia: nangoja. Akauliza nangoja nini. Nikamwambia mtoto wenu, na wasijali, mimi sijitangulizi hata kidogo. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka mwisho wa Novemba, ila mtoto akichelewa, mimi nina nafasi. Mkewe alichungulia dirishani akafunga pazia, bila shaka apate kupumzika.

Mume amerudi ndani, namwona jikoni akiongea na simu, akirusha mikono juu. Bila shaka anampigia Bi. Berdien kunisifu. Na kweli! Gari lake lile linakuja, mbio, tope linaruka pande zote mbili za barabara. Geeske yumo, amekaa nyuma!

Nimechana nywele.