Safari ya Mombasa na Bizari ya Bi Ummi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshaahidi, na mimi nikiahidi nimeahidi. Mama mkwe wangu, Bi Ummi, nitampeleka Mombasa mwenyewe, kwa gari yangu. Dada yake, Bi Zaituni, anahamia Maskati kwa mwanawe. Ndege ni Jumapili jioni. Hawajaonana miaka kumi na moja, na kwa umri wao hakuna anayejua kama wataonana tena. Kwa hivyo Jumamosi alfajiri tunatoka hapa Machakos, na saa nane mchana tuko kwa Bi Zaituni, tumenawa mikono, tunasubiri chakula.

Shemeji yangu Yasser alitaka kumkatia mama tikiti ya treni. Yasser ni kaka wa mke wangu Faiza. Anakaa Syokimau, anafanya kazi ya ofisi, na ana gari iliyo kimya kama friji. Jana alikuja kula kwetu akaanza habari za treni, ati mama atakaa vizuri, ati kuna choo. Nikamwambia treni haisimami mtu mzima anyooshe magoti anapotaka yeye. Nikamwambia pia mimi nimefika Goma kwa trela. Faiza akasema, bila kuinua macho kwenye sahani, kwamba Goma nilifika nikiwa taniboi, msaidizi wa dereva, na nusu ya njia nilikuwa usingizini juu ya mizigo.

Ni kweli. Lakini nililala nikienda Goma. Yasser amelala akienda wapi?

Bi Ummi alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akasema, "Basi nitaenda na Jamal." Nikaongeza sahani ya pili.

Leo nimeifunua gari turubai. Stesheni wagoni ya marehemu baba. Nyeupe, kwa anayejua kwamba ilikuwa nyeupe. Kuku wa Bi Ummi anataga kwenye kiti cha nyuma tangu Ramadhani. Nimemhamisha, hakupenda. Injini ilishika mara ya tisa. Gari za wengine huchukua mara kumi na tano.

Jumanne, 5 Agosti

Muindi amekuja kuiangalia. Muindi ni fundi, gereji yake iko hapo chini ya barabara, na ana tabia moja mbaya: anasema ukweli kwa sauti. Aliingiza kichwa kwenye boneti, akatoka na uso wa daktari. Belti ya feni imepasuka. Tairi zina upara. Rejeta, ile inayoshika maji ya kupoza injini, inavuja sehemu mbili. Anataka aing'oe, aipeleke kwa mchomeleaji, tumpe siku mbili.

"Mzee Jamal," akasema, "hii gari kwanza ifike Emali. Hiyo Mombasa tutaongelea huko Emali."

Nikamwambia nimemwita kwa ukaguzi, sikumwita kwa matanga. Belti nimemruhusu abadilishe. Tairi nimezipaka dawa nyeusi ya viatu, zimerudi ujana. Lakini rejeta haing'olewi. Rejeta yangu ibebwe kwa bodaboda ikipita katikati ya mji kama mgonjwa, watu wote wakiiona? Habari ingefika Syokimau kabla ya rejeta kufika kwa mchomeleaji.

Nitaitibu mwenyewe. Nakumbuka vizuri sana. Tukienda Goma, rejeta ya trela ilianza kuvuja mbele ya Kampala. Dereva wetu, Kabiru, alitia kitu ndani, kikakutana na maji moto, kikavimba, tundu likaziba. Tukafika. Kilikuwa kitu gani? Hapo ndipo kuna shida kidogo, kwa sababu nilikuwa nimelala. Niliamka anafunga kifuniko. Lakini harufu niliisikia. Ilikuwa harufu ya jikoni.

Nimefikiri mchana kutwa. Unga wa ugali hapana, ungeiva. Majani ya chai yangepita tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata jibu, na lilikuwa kwenye rafu ya juu jikoni kwangu. Bizari ya pilau! Ni laini, inavimba, na inapenda maji moto.

Imo kwenye mkebe wa maziwa ya unga, umejaa hadi mdomoni. Bi Ummi aliianika mwenyewe siku tatu, akaitwanga mwenyewe kwa kinu: bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, karafuu, iliki. Ni zawadi ya Bi Zaituni, aende nayo Maskati. Nilisimama mbele ya ule mkebe nikafikiria kama mwanamume. Zawadi ya kwanza ya Bi Zaituni ni dada yake kufika. Dada hafiki bila rejeta. Kwa hivyo bizari inafanya kazi ileile, ila inaingilia mbele.

Nilitia robo tatu. Mkebe nikaujaza upya na bizari ya duka. Rangi moja, ukisimama mbali.

Na tundu likaziba! Niliangalia chini ya gari saa nzima, hakuna tone. Nikatoka kuijaribu, nikazunguka uwanja wa michezo mara mbili. Injini ilipopata moto, harufu ikatoka. Siwezi kuielezea. Watu waliokuwa kwenye kituo cha bodaboda waligeuka wote kwa pamoja. Jirani yetu Mbula, anayeuza chapati hapo langoni, aliuliza ni nani anaoa.

"Asi, Jamal, mnapika pilau siku ya kazi na hamuniambii?"

Nikamwambia ni gari. Akanitazama kama anayemwonea mtu huruma, akanipa chapati.

Alhamisi, 7 Agosti

Muindi alipita kuona belti. Akasimama, akanusa, akafungua boneti mwenyewe.

"Mzee, hapa mmepika nini?"

Nikamwambia ni dawa mpya ya rejeta kutoka Dubai. Akauliza kama huko Dubai wanaiuza pamoja na kachumbari. Halafu akaacha mzaha, akaniambia rejeta ina vijishimo vyembamba ndani kama mirija, na kitu kinachoziba tundu hakichagui tundu. Wivu wa kazi. Nikamshukuru, nikafunga boneti.

Mchana Bi Ummi akataka kukaa ndani ya gari, aone kama kiti kitafaa magoti yake. Nikamfungulia mlango, maana kwa ndani haufunguki. Injini ilikuwa bado ya moto. Alikaa amefumba macho. Kisha akasema gari inanukia kama nyumba ya mama yao siku ya Idi.

Kumbe dawa ya gari inaweza pia kumfurahisha mtu mzima.

Akashuka, akaomba simu ya Faiza, akaenda kuongea na Yasser nyuma ya nyumba kwa sauti ya chini. Nadhani alikuwa anamsifia gari.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala ya Ijumaa niliwaaga watu nje ya msikiti. Labda niliaga kwa sauti kubwa kidogo. Huku kwetu mtu akisikia unaenda Mombasa, hakutakii tu safari njema, anakuletea mzigo. Mbula ameleta nusu gunia la ndengu la dada yake. Musembi, fundi viatu, ameleta godoro la binti yake aliye Likoni. Kuna mtu ameleta maboga manne, hata simjui jina.

Faiza aliniuliza kwa nini siwezi kusema hapana. Nitasemaje hapana? Mtu amebeba godoro kichwani kutoka sokoni mpaka kwangu kwa sababu ananiamini. Godoro nimelifunga juu. Maboga yako chini ya miguu ya Faiza. Gari imeinama nyuma, pua imeangalia juu. Imekaa kama ndege inayotaka kuruka.

Kesho. Nimelala mapema, yaani ninalala nikimaliza sentensi hii.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Bi Ummi mbele, mkebe wa bizari mapajani. Faiza nyuma na ndengu. Gari ilikwenda vizuri. Nataka iandikwe hapa kwamba ilikwenda vizuri, kwa sababu kutoka Machakos hadi Kyumbi ni karibu kilomita ishirini, na zote zilikuwa nzuri isipokuwa nne za mwisho.

Mshale wa joto ulipanda. Nikazima redio ili kuipunguzia injini kazi. Ukazidi kupanda. Tulipofika Kyumbi, kwenye njia panda ya barabara ya Mombasa, moshi ulikuwa umefunika kioo na nilikuwa naendesha kwa kumbukumbu. Nikasimama pembeni, karibu na wauza matunda. Nikangoja. Nikashika kifuniko cha rejeta kwa shati kuukuu, nikakifungua kidogo.

Pilau ikatoka. Ilipanda juu ya godoro la Musembi, ikashuka juu yangu. Mwanamke mmoja muuza ndizi akaja na sahani, nadhani kwa utani. Nyuma yake walikuwa wengine watatu bila sahani.

Muindi alisema kweli. Dawa iliziba tundu, na ikaziba kila kitu kingine.

Nilimwangalia mama mkwe kupitia kioo. Alikaa wima, mikono juu ya mkebe, macho mbele, upande wa Mombasa. Hapo utani ukaniisha. Kesho jioni Bi Zaituni anapanda ndege. Basi kubwa zilikuwa zinapita, lakini kwa yale magoti, kuketi saa saba bila kujinyoosha angefika wa kubebwa. Mtu aliyeweza kumfikisha alikuwa mmoja tu, na jina lake sikutaka hata kulitafuta kwenye simu.

Nikalitafuta. Nikamwambia, "Yasser, nimekwama Kyumbi. Njoo umchukue mama. Treni ya mchana, kama bado kuna nafasi. Nakuomba." Lile neno la mwisho sijawahi kumwambia tangu nimuoe dada yake.

Akasema, "Niko EPZ hapa, Athi River. Nipe dakika ishirini."

Sikuelewa. Anafanya nini EPZ saa moja asubuhi? Nikarudi kwenye gari, nikafungua mlango wa Bi Ummi, nikamwambia nimemwita Yasser.

"Umempigia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja jibu hilo. Akafungua mkoba akatoa karatasi. Tikiti mbili za treni ya leo mchana kutoka Syokimau, moja yake, moja ya Faiza. Yasser alizikata juzi, akamtumia jana kwa matatu. Kumbe ndiyo aliyokuwa akiongea nyuma ya nyumba, na ndiyo maana Yasser alikuwa akingoja EPZ. Faiza naye alijua, akajifanya anahesabu maboga.

Nikamuuliza mama kwa nini basi alipanda gari yangu.

"Ulitaka sana kunipeleka, mwanangu," akasema. "Nikasema acha anipeleke mpaka atakapofika."

Kisha akagonga mkebe kwa kidole. "Na hii ni ya duka. Yangu iko huko mbele kwenye injini. Nilijua Jumatano, kabla hujazima gari. Ile iliki naijua."

Nikatazama viatu vyangu, navyo vilikuwa na mdalasini.

"Usinune," akasema. "Maskati bizari wanayo. Zaituni nitampelekea hii habari. Atacheka mpaka ndege iondoke."

Yasser akafika na friji yake. Alivuta hewa, akanitazama kuanzia kichwani, akafungua mdomo. Mama akasema, "Yasser, nyamaza." Akaufunga. Lakini mabega yalikuwa yakitikisika mpaka wakaondoka.

Muindi alikuja na pikapu na kamba. Alikuwa amebeba kachumbari kwenye karatasi.

Jumapili, 10 Agosti

Faiza amepiga simu ya video. Mama na dada yake wamelala kitanda kimoja kama wasichana na wameongea hadi sauti zimekauka. Bi Zaituni alitaka kuniona. Akaniomba nimwonyeshe gari. Nikamwonyesha. Alicheka hadi akashika kitanda, na Bi Ummi akamfuta machozi kwa leso, kisha akajifuta yake, na hayo yake hayakuwa ya kucheka. Jioni wamemsindikiza uwanja wa ndege.

Wenye mizigo wamekuja kuichukua. Musembi anauliza kwa nini godoro linanukia harusi. Nimemwambia binti yake atashukuru.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetulia, nimeiangalia hii safari kwa akili. Bi Ummi aliagana na dada yake? Aliagana. Nani alianzisha hiyo safari? Mimi. Nani alimtoa Machakos? Gari yangu. Treni imemalizia tu.

Muindi ameing'oa rejeta kuiosha. Ilipita katikati ya mji kwa bodaboda, na watu waliifuata kwa pua. Anasema nibadilishe nzima. Nimemwambia bado sana. Desemba kuna harusi ya upande wa Faiza kule Kisumu, na nimeshatangaza msikitini kwamba kuna nafasi nne.

Kwa sababu leo, nikiwa nakunywa chai, nimekumbuka kitu. Kabiru, kwenye ile trela, alikuwa na trei ya mayai miguuni pake. Tulipofika Goma, trei ilikuwa na mapengo. Ilikuwa mayai! Kosa langu lilikuwa ni kiungo tu.

Kuku wa Bi Ummi amerudi kwenye kiti cha nyuma. Sikumhamisha. Tangu juzi ametaga mawili.