Nani Kampita Mkwe Leo?

Redio ya Shangazi ina ugonjwa wa kukoroma, ila habari za kuudhi huzitoa safi kabisa. Asubuhi ile ilitangaza kwamba barabara mpya ya kulipia imepokelewa na madereva kwa shangwe kubwa. Eti lami yake ni laini mpaka msemaji wa mradi aliweka glasi ya maji juu ya dashibodi, akaendesha mwanzo hadi mwisho, na halikumwagika hata tone.

"Alikuwa anaendesha au ameegesha?" akauliza Mzee Springi.

Benchi zima likaangua kicheko. Benchi lenyewe ni moja tu, refu, limelegea katikati, chini ya kipande cha bati, na mbele yake jiko la mkaa na birika la kahawa la Shangazi. Wenyewe ndio sisi. Mzee Springi anaendesha lori la matofali, na jina kalipata kwa kuvunja springi kila akipakia. Kiyoyozi ana teksi, na ukimwambia shikamoo tu atakujibu kwamba kiyoyozi chake kinafanya kazi. Katibu anasambaza mikate kwa gari dogo la mzigo. Hakuna aliyemchagua kuwa katibu wa chochote, lakini hajawahi kukosa kufungua wala kufunga kikao. Mimi ni Miguu Mitatu, wa bajaji.

Sasa, huwezi kuelewa ugomvi wa siku ile kama humjui Mkwe. Mkwe ni shimo. Lilikuwa katikati ya barabara ya zamani, nyuma kidogo ya kona yetu, na ng'ombe angelala humo na ndama wake. Tulilipa jina hilo kwa sababu ukilifikia ni lazima upunguze mwendo, uinamishe kichwa, upite pembeni kwa adabu bila makeke. Mgeni asiyemjua Mkwe alikuwa anatikiswa mpaka meno yanagongana, halafu anakata kona anatambaa, anakutana na harufu ya kahawa. Atafanya nini kama si kusimama? Shangazi alisomesha watoto kwa kutikisika kwa watu.

Lilipofunguliwa geti la kulipia, wageni wakapungua. Birika likawa linapoa likiwa limejaa, Shangazi analitazama tu. Ndipo Katibu alipopanda juu ya benchi, akatuapisha: hakuna mtu wa kijiwe hiki atakayekanyaga barabara ya kulipia, na atakayekanyaga ataosha vikombe mwezi mzima. Tukanyoosha mikono. Shangazi wa watu akafuta machozi kwa pindo la nguo yake, akatupa kahawa ya bure.

Mimi kiapo hakikunisumbua. Pale getini kuna bango lenye picha ya bajaji, limepigwa mstari mwekundu. Uaminifu wangu una kibali cha serikali.

"Glasi ya maji!" Kiyoyozi alikuwa bado anacheka. "Mimi mwenye kiyoyozi abiria wangu wananywa soda barabara ya zamani, na hawamwagi."

"Wanaimeza yote kwa woga kabla hujawasha gari," akasema Mzee Springi.

"Wazee, tuwe na utaratibu," akasema Katibu. "Hoja iliyopo mezani ni hii: dereva unalipa ili upewe barabara ya kukimbia. Sawa?"

"Sawa."

"Ukishalipa ukakimbia, mbele yuko trafiki amejificha kichakani, anakukamata kwa kukimbia. Sasa nilicholipia ni nini?"

"Umelipia uzuri wa mahali pa kukamatiwa," nikamwambia.

"Kuna jambo moja mnasahau," Mzee Springi akaweka kikombe chini. "Hata hii ya zamani tunailipia. Tairi, springi, bushi, mgongo wangu huu. Ila fundi springi akimaliza kunikamua ananiambia pole, mzee wangu. Yule binti wa dirisha la tatu pale getini hata uso hainui."



"Dirisha la tatu?" akauliza Kiyoyozi taratibu.

"Nimesikia watu wakisema."

"Wakasema na namba ya dirisha?"

"Watu wa siku hizi wana maneno mengi," akajibu Mzee Springi, akakimbilia kikombe chake ambacho hakikuwa na kitu.

Nikataka kucheka, lakini Shangazi akanikata jicho kutoka kwenye jiko. Jicho lile nililijua. Lilikuwa linaniambia nifunge domo, maana kulikuwa na jambo ambalo pale kijiweni tulilijua sisi wawili tu, mimi na yeye. Nikafunga.

"Wewe Kiyoyozi, usininyooshee kidole," Mzee Springi naye hakukubali kuumbuka peke yake. "Nimeegesha lori langu nyuma ya karakana, karibu na teksi yako. Ina vumbi."

"Ndiyo ina vumbi! Barabara ya zamani hiyo! Hakuna ushahidi zaidi ya vumbi!"

"Ina vumbi lenye viganja. Vidole vitano huku, vitano kule. Barabara ya zamani imeota mikono lini?"

Katibu akacheka mpaka akajipiga mapaja. "Kiyoyozi! Umeipaka teksi mavumbi kama mtu anayejipaka poda!"

"Nilikuwa nalifuta!"

"Unafuta kwa kuongeza?"

"Na wewe unacheka nini?" Kiyoyozi akamgeukia. "Shangazi, hebu niambie. Katibu kila siku hukuletea nini asubuhi?"

Shangazi hakugeuka. "Mkate uliobonyea."

Hilo kila mtu analijua. Mikate ya Katibu ilikuwa ikifika imelaliana, na ule uliopondeka kabisa, ambao hakuna duka lingeupokea, huwa wa Shangazi. Anaukata vipande, tunachovya kwenye kahawa.

"Na juma hili lote kakuletea?"

"Sijauona."

"Siku hizi napanga vizuri!" Katibu akasimama. "Nimebadilisha mfumo wa upakiaji!"

"Mfumo gani? Wa kulipia?"

Wakawa wanasema wote kwa pamoja, mate yanaruka, vikombe vinatikisika kuliko vilivyowahi kutikiswa na shimo lolote. Kiyoyozi anamwita Katibu msaliti, Katibu anasema Mzee Springi amemzoea binti wa dirishani mpaka anamnunia, Mzee Springi anasema yeye kwa umri wake hawezi kuitwa mwongo na mtu anayeendesha mikate. Mwisho Katibu akapiga kijiko kwenye birika.

"Kikao, kikao! Tusivunjiane heshima mbele ya Shangazi. Kila mtu aseme hapa hadharani, kwa mdomo wake: leo kampita Mkwe, au hakumpita? Naanza mimi. Nimempita. Amenipiga dafrau la kushoto, mpaka sasa sikio linalia."

"Mimi nimempita mapema," akasema Kiyoyozi. "Na ana maji. Abiria wangu kaniuliza kama kuna samaki."

"Mimi kanivunjia jani la springi," akasema Mzee Springi kwa uchungu. "Jani jipya kabisa. Huyu Mkwe mwaka huu kazidi. Anapanuka."

Hapo Shangazi akaipua birika, akaliweka chini. Akajifuta mikono. Akaja akasimama mbele yetu, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Poleni sana, wanangu," akasema. "Maana Mkwe nimemzika juzi."



"Nimemzika mimi na wifi yangu. Kifusi cha ukuta wa jirani, kokoto, na mfuko wa simenti. Miguu Mitatu ndiye aliyebeba, safari kwa safari, na hakutaka nauli. Nikasema wanangu wakipita, magari yao yasiumie, wasije wakashawishika na lile geti. Jana nikakaa pale konani kutwa, nawangoja mpite mshangae, mpige honi, mniambie ahsante Shangazi. Msiba mzima, sikumwona hata mmoja wenu akipita."

Katibu alikuwa bado ameshika kijiko. Akakiweka taratibu, kana kwamba kikigonga chochote ataulizwa swali lingine.

"Basi huyo mwenye maji na samaki," Shangazi akaendelea, "aliyepiga dafrau, aliyevunja springi, ni mkwe wa nani?"

"Shangazi..." Kiyoyozi akaanza.

"Nyamaza, baba. Sijakukataza kupita panapokufaa. Gari lako, mgongo wako. Mngeniambia tu, Shangazi, kule kuna raha, tutakuja kunywa tukirudi. Ningewaelewa. Lakini kuninyooshea mikono, mkanywa kahawa yangu ya bure kwa kiapo cha uongo!"

 Mimi nilitazama viatu vyangu, ingawa peke yangu sikuwa na kosa. Aibu ya wenzako nayo inachoma.

Kabla mtu hajapata la kusema, gari la mgeni likatokea konani. Vuu! Likapita mbele yetu kama limefukuzwa, vumbi likatua kwenye vikombe. Likafuata la pili. Vuu! Dereva wala hakugeuza shingo.

"Mnaona?" akasema Shangazi. "Ndio hivyo tangu juzi. Zamani walikuwa wanafika hapa wanatambaa, wameshika viuno. Sasa nimewatengenezea njia, hawanioni hata mimi. Nyinyi mmenihama kwa ajili ya lami laini, na wageni nimewafukuza kwa mkono wangu mwenyewe." Akaingia nyuma ya banda, akatoka na jembe, akalitupa miguuni pa Katibu. "Vikombe nitaosha mwenyewe. Adhabu yenu hii hapa. Kamfukueni."

"Shangazi," Katibu akajikohoza, "kisheria, kuharibu barabara..."

"Barabara ipi? Hiyo unayopita kila siku?"

Katibu akaokota jembe.

Tukaenda, msafara wa watu watatu wenye hatia na mmoja wa kushuhudia. Shangazi nyuma yetu, na birika lake mkononi kwa sababu huwa haliachi. Pale Mkwe alipokuwa palikuwa na kiraka safi kimenyooshwa kwa ubao, na alama ya kandambili ya wifi yake pembeni. Kusema kweli palipendeza. Watu wawili na ubao wamefanya kilichoshindikana kwa wakubwa wenye makatapila. Mzee Springi akavua kofia.

"Anza wewe," Katibu akampa jembe Kiyoyozi.

"Nitapata wapi nguvu? Wewe ndiye uliyeapisha watu."

"Mkubwa ni Mzee Springi."

"Mgongo wangu..."

"Mgongo gani, na wewe unapita barabara ya glasi ya maji?"

Wakasimama katikati ya njia wanasukumiana jembe. Gari likaja kwa kasi, likawaona, likakanyaga breki mpaka tairi zikalia. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Jamani, mbele kuna nini? Kumeharibika?"

Katibu akatikisa kichwa kwamba hakuna kitu. Nyuma yake likasimama la pili, kisha lori, kisha gari dogo la familia lenye watoto wanaolalamika njaa. Dereva wa kwanza akavuta pumzi, akashika kifua.

"Duh, mmenishtua. Hiyo kwenye birika ni kahawa, mama?"

Shangazi akatazama foleni. Akawatazama wale watatu na jembe lao moja. Nikaona mdomo wake unaanza kucheka upande mmoja.

"Ni kahawa, baba. Pinda hiyo kona, kuna benchi, nakuja." Akamgeukia Katibu, ambaye hatimaye alikuwa ameliinua jembe juu ili aanze kuchimba. "Shusha hilo. Usiguse kiraka changu."

"Sasa Shangazi, adhabu yetu?"

"Simameni hapohapo. Shimo la nini tena? Nyinyi mnatosha."