Bado Vifungo Tu

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kapita kibandani asubuhi. Ni mdogo wake mke wangu, anaolewa Jumamosi. Kauliza gauni lake. Nikamwambia bado. Sikudanganya! Bado ni neno pana: linamfaa fundi aliyebakiza pindo, na linamfaa ambaye hajashika mkasi. Yeye akaelewa pindo. Akaondoka anatabasamu. Kitambaa kiko juu ya kabati, hata hakijakunjuliwa.

Jumanne, 11 Machi
Nilikusudia kukata leo. Majoho ya kwaya yakaniingilia. Wakati wa chakula mke wangu akauliza gauni limebakiza nini. Nikasema bado vifungo tu. Sijui vifungo vimetoka wapi, mdomo ulitangulia. Akasema mbona mdogo wake alitaka zipu. Nikasema vifungo vinampendeza zaidi. Akampigia simu palepale kumpa habari njema. Nimelala macho wazi.

Jumatano, 12 Machi
Nimekata! Kumbe mikono yote miwili ya gauni nimeikata ya kushoto. Kitambaa cha akiba hakuna. Ng'ambo ya barabara yuko Bi Mizani, fundi aliyeninyang'anya sare zote za shule. Angejua la kufanya. Simwendei, hata iweje. Shemeji kapiga simu, anataka kulijaribu. Nikamwambia bado mapema. Bado imenisaidia tena. Jasho, lakini.

Alhamisi, 13 Machi
Wamekuja bila taarifa, shemeji na mama mkwe. Nilishajiandaa: sanamu ya dukani nimeivika joho jeupe la kwaya, nikaifunika shuka. Nikawaomba walitazame gauni kwa mbali, chaki isije ikalichafua. Mama mkwe hakubishana. Alivuta shuka tu. Mgongoni mwa joho kumeandikwa SAUTI YA TATU.

Mama mkwe akatafuta kiti. Shemeji akaona vipande mezani, akavishika kimoja kimoja.

"Shemeji, hii ni bado gani?" akaniuliza.

Akafuta machozi kwa kiganja, akakusanya vipande vyote, akavuka barabara kwa Bi Mizani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Ijumaa, 14 Machi
Cherehani ya Bi Mizani imelia kutwa. Kila ikinyamaza, moyo unanishuka. Mke wangu ananisemesha kupitia ukuta. Mchana nikajikaza, nikavuka na uzi mweupe kama ishara ya amani. Bi Mizani akapokea uzi, akanionyesha mlango. Kwa heshima zote, lakini mlango.

Jumamosi, 15 Machi
Gauni halina mikono! Bi Mizani aliiondoa yote, akatumia vile vipande kufanya mtandio mwepesi wa mabegani. Ukumbi mzima ulisimama. Shemeji aling'aa. Mimi nilikaa nyuma, karibu na jiko. Alipopita akanigusa bega. Nililia kidogo. Moshi pia ulikuwepo.

Jumapili, 16 Machi
Nimejichunguza kwa dhati. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la lile neno. Sitasema bado tena maishani. Binamu wa bwana harusi, mgeni asiyejua lolote, kaniletea kitambaa cha suti baada ya chai, anasafiri Alhamisi. Jioni kapiga simu kuuliza imefikia wapi. Nikamjibu iko karibu tayari. Karibu! Neno safi kabisa, halina utata. Kesho nitamtafuta nimpime.