Tobiti Kitabuni mwa Mwanyumba

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza daftari jipya. La zamani lilijaa malalamiko. Hili litajaa ushindi!

Ushindi wenyewe ni huu. Jumamosi ya wiki ijayo baba mkwe na mama mkwe wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Misa asubuhi, kisha chakula nyumbani kwao. Kabla ya chakula, mkwe mmoja atasimama mbele ya ukoo mzima asome neno. Mmoja tu. Mimi au mwanyumba.

Miaka kumi na minane nimeoa nyumba ile, na sijawahi kusomeshwa chochote. Hata sala ya chakula sijapewa. Siku ya ubatizo wa mwanangu mwenyewe, kazi yangu ilikuwa kumfunga mbwa. Inauma. Sioni haya kuandika, inauma.

Mwanyumba ameoa mdogo wa mke wangu, juzijuzi tu, miaka sita. Ni mpima macho. Pia ni Mmormoni. Hanywi chai wala kahawa, kwa hiyo shemeji humjazia kikombe cha maji ya moto, naye huyanywa kwa raha kana kwamba mna kitu ndani. Namwita Maji Moto. Humu daftarini tu.

Baba mkwe alikuwa mkaguzi wa shule. Alistaafu zamani, lakini hata mkewe bado anamwita Mkaguzi, na kalamu nyekundu haijamtoka mfukoni. Ni Mkatoliki kama mimi. Ningetegemea hilo linisaidie. Wapi! Maji Moto alimpima macho, akampa miwani mipya. Mimi nilimpa kalenda.

Jumanne, 4 Juni

Kikao kwa Mkaguzi. Nilifika wa kwanza, nikakaa karibu naye. Nikapendekeza kitabu cha Tobiti, ile sala ya maarusi. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo tangu Februari. Machozi huwa yananitoka kwenye mstari ule ule kila mara.

Maji Moto akasema, kwa upole wake unaokera, kwamba katika Biblia yake Tobiti hayumo.

Nikamwambia Biblia ni vitabu sabini na vitatu. Akasema yake ni sitini na sita, na juu ya hiyo wana Kitabu cha Mormoni na vingine viwili. Nikasema ninyi mmepunguza saba mkaongeza vitatu, hesabu gani hiyo hata dukani haikubaliki. Nikaongeza kwamba ufunuo ulifungwa alipokufa mtume wa mwisho. Akauliza, bila kupandisha sauti, nani aliyemwambia Mungu anyamaze. Kuhusu vitabu vile saba, akasema, wao wamefundishwa kwamba ndani yake mna mengi ya kweli na mengine yaliyotiwa na mikono ya watu. Anayesoma kwa Roho atafaidika. Nikamjibu kwamba mtu hawezi kukaribishwa sebuleni halafu akanyimwa kiti. Nilijisikia mwanafalsafa.

Mama mkwe akauliza ni kitabu kipi kati ya vyote hivyo kinachotaja mume kuosha vyombo, asomewe hicho.

Mkaguzi akagonga meza kwa kalamu. Uamuzi: litasomwa neno lililomo katika kitabu cha mkwe huyu na cha mkwe yule. Lisilokuwemo kwa wote halisomwi. Jumapili kila mtu alete kitabu chake kikaguliwe.

Maana yake Tobiti ametoka. Maana yake litasomwa la Paulo kuhusu upendo, ambalo Maji Moto analijua kwa moyo, bila karatasi, huku akimtazama kila mtu machoni. Mpima macho! Nimekwisha.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu si Athumani!

Saa tatu asubuhi nani anaingia karakanani kwangu? Maji Moto. Mkononi Biblia yake na Kitabu cha Mormoni, vyote vimeachia mgongo. Akasema, mwanyumba, wewe ndiye fundi wa kujalidi vitabu, siwezi kwenda kwa mtu mwingine na ndugu ninaye. Nivifunge upya kabla ya ukaguzi wa Jumapili, tafadhali.

Nikamwambia bila shaka. Sauti yangu ilitetemeka kwa wema.

Na Biblia ya Mkaguzi ninayo tayari. Mama mkwe aliileta wiki iliyopita kwa siri, kurasa zinamwagika, anataka mzee aikute mpya siku ya jubilei.

Sheria ni sheria. Neno liwemo katika vitabu vyote viwili. Tobiti hayumo katika Biblia ya Maji Moto. Kwa sasa.

Ijumaa, 7 Juni

Saa saba mchana nilifunga mlango, nikatundika kibao: FUNDI ANAKULA.

Kwa asiyeijua kazi hii: kitabu si kitu kimoja. Ni mafungu ya kurasa, kila fungu limekunjwa, kisha mafungu yote yakashonwa pamoja kwa uzi na kutiwa gundi mgongoni. Ukikata uzi unabaki na rundo. Mezani nilikuwa na marundo matatu: Biblia ya Mkaguzi, Biblia ya Maji Moto, Kitabu cha Mormoni. Chini ya meza kulikuwa na Biblia mbovu ya Kikatoliki ambayo parokia ilinipa niitupe, toleo lile lile la Mkaguzi. Nikachomoa Tobiti humo. Fungu moja tu, jembamba, zuri.

Mlango ukagongwa! Mke wangu. Akauliza kwa nje ninakula nini, maana chakula changu anacho yeye mkononi.

Nikasukumia kila kitu kwenye boksi, nikatupa aproni juu, nikalikalia. Nikamfungulia kwa kunyoosha mguu. Akauliza kwa nini nimekalia boksi na kiti kipo. Nikasema mgongo. Akanitazama kwa muda mrefu, akaweka chakula, akaondoka. Mwanamke huyu ananijua mno, ndiyo shida ya ndoa.

Nikamimina boksi mezani. Mambo yalikuwa yamechanganyika kidogo, si la kumtisha fundi. Nikaona fungu lenye kichwa cha Tobiti, haraka nikalipenyeza katika Biblia ya Maji Moto, baada ya Nehemia. Yakabaki mafungu mawili yasiyo na mwenyewe, na marundo mawili yenye pengo. Nikayagawa. Moja kwa Mkaguzi, moja kwenye Kitabu cha Mormoni. Sikufungua ndani. Fundi hasomi, anahesabu. Ukianza kusoma vitabu vya watu hutamaliza kazi.

Nikahesabu. Mkaguzi, arobaini na manne. Maji Moto, arobaini na moja badala ya arobaini. Mormoni, kumi na manane. Hesabu imetimia! Nikashona, nikapaka gundi, nikasawazisha kingo kwa kisu. Kazi safi. Najiona kama nimefanya muujiza mdogo.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia chooni. Nieleze kwa utaratibu.

Baada ya kanisa, sisi kwetu na wao kwao, tulikutana sebuleni kwa Mkaguzi. Mama mkwe hakuvumilia kungoja jubilei, akamkabidhi mzee Biblia yake palepale. Mzee akalipapasa jalada, akasema, mkwe, hii ni kazi. Hii ni kazi! Miaka kumi na minane nasubiri neno kama hilo. Kama ningekuwa na akili ningeaga nikaenda nyumbani.

Badala yake nikasimama. Nikasema kwamba huenda mwanyumba hajakitazama kitabu chake vizuri. Labda Tobiti yumo. Hebu atazame baada ya Nehemia.

Maji Moto akafungua. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akasema ni kweli, Tobiti yumo. Nikapiga makofi mara moja, nikajizuia.

Kisha akasema kuna maandishi pembeni, kwa wino mwekundu. Akayasoma kwa sauti, maana mtu huyu ni mwaminifu hata pale uaminifu usipohitajika. Yalisema: Leo nimeoa. Viatu vinabana. Alama tisini na tisa.

Mkaguzi akainuka nusu. Maji Moto akaendelea. Mwaka wa kwanza: ugali wa jana, furaha ya leo, alama themanini na nane. Mwaka wa saba: tumegombana wiki nzima, alama thelathini, kosa ni langu. Hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka, ukurasa mzima pande zote nne. Mzee alikuwa akiikagua ndoa yake kwa siri tangu siku ya arusi, katika Tobiti wake mwenyewe.

Tobiti wake! Nilikuwa nimemshona Tobiti wa Mkaguzi ndani ya Biblia ya Mmormoni.

Mzee akafungua Biblia yake mpya. Mahali pa Tobiti akamkuta mtu anaitwa Alma, anahubiri. Kwa ile miwani mipya alimwona vizuri sana. Maji Moto akachungulia, akasema pole, huyo ni wa kwangu. Shemeji akafunua Kitabu cha Mormoni, na katikati yake akamkuta Tobiti mwingine, yule wa Biblia mbovu.

Kwa hiyo mtu asiyekuwa na Tobiti sasa ana Tobiti wawili. Na mwenye Tobiti hana hata mmoja.

Wote wakageuka kunitazama. Nikasema boksi. Nikasema mgongo. Mke wangu akafumba macho.

Mama mkwe hakunitazama. Alimnyang'anya Maji Moto kitabu, akakaa, akasoma alama zote kwa kidole. Miaka hamsini hakujua! Akauliza kwa nini mwaka wa ishirini na tatu umepewa mia. Mkaguzi akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka ule mkewe alitoka hospitali akiwa hai, basi hapakuwa na la kukosoa. Mama mkwe akalia. Shemeji akalia. Maji Moto akalia, na maji yake yakapoa.

Mimi ndipo nikaingia huku chooni. Mtu anagonga. Siko.

Jumatatu, 10 Juni

Hukumu imetoka. Nivifumue vitabu vyote vitatu, nimrudishe kila mtu kwake, na Maji Moto akae kwenye kiti pembeni yangu akisoma kila fungu kabla halijashonwa. Alikaa kwa muda wa saa tano. Hakunisema hata neno moja baya. Ukatili ulioje!

Aliniuliza mara moja tu, kwa nini. Nikamwambia ukweli, sijui ulinitokaje. Nikasema nilitaka nisome. Akaweka chini fungu la Nehemia, akasema kwamba yeye hakuwahi kuutaka usomaji ule. Alikuwa ameshamwambia mzee aniachie mimi.

Sikuamini. Jioni nikamuuliza mama mkwe kwa simu. Akasema, mwanangu, jina lako lilikuwa limeandikwa tangu mwezi jana, karatasi iko mfukoni mwa shati la Mkaguzi. Ukaguzi wa vitabu aliuweka kwa sababu anapenda kukagua. Angetafuta kisingizio chochote ili Tobiti asomwe, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemtaka.

Lilikuwa limeandikwa!

Nimelia. Nimelia kweli, si kama mbele ya kioo. Mke wangu alinishika bega. Baadaye akasema ningekula chakula cha Ijumaa kama mtu, haya yote yasingetokea. Nadhani anakubali kwamba kosa ni la yule aliyegonga mlango.

Jumamosi, 15 Juni

Jubilei. Watu wengi, viti vya kuazima. Jina langu likapigwa mstari mwekundu, akasoma Maji Moto. Mimi nilipewa kazi ya kuwaonyesha wageni choo kilipo. Nilikuwa na uzoefu.

Alisoma Tobiti, kutoka katika Biblia ya Mkaguzi. Kwanza aliwaambia watu kwamba katika kanisa lake kitabu hiki hakihesabiwi pamoja na maandiko, na hatasema kinahesabiwa ili tu awapendeze. Ila alifundishwa kwamba mna kweli ndani yake, na mwaka huu ameiona kwa macho yake, nyingine pembeni kabisa mwa ukurasa. Padri akacheka, akasema kuhusu idadi ya vitabu watabishana siku nyingine, leo njaa inauma. Watu wakapiga makofi.

Alisoma vizuri. Naandika kwa shida, lakini alisoma vizuri. Kwenye mstari wangu machozi yalinitoka, nikawa nimesimama mlangoni mwa choo nikibubujika, na mjomba mmoja akaniuliza kama kuna foleni.

Mwishoni mama mkwe akaomba kalamu nyekundu. Akaandika mwenyewe alama ya mwaka wa hamsini. Hakumwonyesha mtu. Mkaguzi aliposoma, akaikunja midomo kama mtoto aliyepewa zawadi mbele ya wageni.

Jumapili, 16 Juni

Habari kubwa! Habari kubwa!

Leo Mkaguzi aliniita uani. Nikadhani ananifukuza ukooni. La. Akaniwekea mkono begani, akasema, mkwe, usihuzunike, siku ya kunizika utasoma wewe. Siku hiyo sitakuwa nasikia.

Nimechaguliwa! Kwa kinywa chake mwenyewe, na hakuna karatasi ya kupiga mstari. Nimemweleza mke wangu neno kwa neno. Alicheka mpaka akakaa chini. Furaha tupu. Sijamwona hivyo tangu tuoane.

Tatizo ni moja tu. Nitasoma kutoka kitabu gani? Maji Moto atakuwepo, na sheria ya Mkaguzi haijafutwa: liwemo kwa wote. Mimi nataka kitabu cha Hekima, ule mlango wa roho za wenye haki. Katika Biblia yake hakimo.

Nimempigia simu mwanyumba. Nimemwambia juzi niliona uzi umelegea, si vizuri kuuacha, alete kitabu Alhamisi, bila malipo. Ameuliza kama aje akae pembeni tena. Nimesema ya nini, sisi ni ndugu.

Na Mkaguzi nimempigia mara mbili leo kumuuliza anajisikiaje. Anasema hajambo kabisa. Si neno. Mazoezi nayo yanataka muda.