Siku Muhumba Ilipokuwa Ng'ambo

"Watu wa Bukavu wanatangaziwa, kwa furaha kubwa ya Serikali, kwamba tangu leo mwenyeji aliyeendelea, mwenye viatu na mke mmoja, ataruhusiwa kwenda Usumbura na Kampala kutembea, kutazama majengo na kununua vitu."

Hivyo ndivyo lilivyoanza Tangazo namba 14, lililobandikwa kwenye mlango wa Ofisi ya Matembezi ya Wenyeji mwaka wa 1957, na hakuna mtu anayeweza kusema lilianza vibaya. Serikali ilikuwa imefikiri miaka sabini ndipo ikaona kwamba mtu mweusi naye ana macho ya kutazamia majengo. Jambo kubwa namna hiyo haliamuliwi mbio mbio.

Aliyelipiga kwa mashini, nakala tano, alikuwa Théodore Mushagalusa, karani wa kwanza wa Ofisi hiyo, na karani wake wa pekee. Théodore alikuwa evolwe. Maana yake, wazungu walikwisha kuingia kwake Kadutu, mtaa wa weusi, wakafungua kabati, wakahesabu uma na visu, wakanusa choo, kisha wakamwandikia karatasi kwamba ameendelea. Mtu wa namna hiyo hapigi kosa. Kifungu cha tatu kilisema: paspoti itapewa tu yule anayeweza kuonyesha kwamba alikwisha kufika ng'ambo na huko alijiheshimu. Théodore alikipiga, akakisoma, akakiona kizuri. Ni mke wake, Adélaïde, aliyekuja kukiharibu, tena wakati wa kula.

"Papa Colombe," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita tangu binti yao Colombe azaliwe, "weye ulisha kufika ng'ambo?"

"Hapana."

"Na miye?"

"Hapana."

"Sasa tutaonyesha nini?"

Théodore aliweka uma chini. Alifikiri, kama alivyofundishwa.

"Kifungu kiko kizuri," akasema. "Ni siye njo tuko na kasoro."

Adélaïde hakuwa na haja ya majengo. Alitaka mashini ya kushona. Kwenye magazini, lile duka kubwa la mjini, mtu mweusi hakuingia. Alinunulia kwenye kidirisha cha pembeni. Unataja kitu, kinasukumwa, unaondoka. Mara mbili Adélaïde alikwenda kwenye kidirisha hicho kuomba jambo moja tu: akae, azungushe gurudumu, ashone mshono mmoja, asikie kama mashini inakimbia sawa, ndipo anunue. Mara mbili kidirisha kilifungwa. Kisha dada yake Eulalie, aliyeolewa Kampala, akaandika kwamba huko Muhindi anakutolea kiti, unashona mpaka unachoka, na kama hukununua anakuambia karibu tena. Barua hiyo ilisomwa mpaka ikakatika kwenye mikunjo.

"Mashini iko hata hapa," Adélaïde alizoea kusema. "Kile ninatafuta ni kile kiti."

Kesho yake Théodore alimweleza mkuu wake, Bwana Degroote, kuhusu kasoro ya wenyeji. Bwana Degroote alikuwa mzungu mwenye kupenda utaratibu. Hata karatasi iliyofungia sukari yake aliipiga muhuri kabla ya kuitupa. Hakukasirika. Aliunda Kamati papo hapo: yeye mwenyewe Rais, yeye mwenyewe Mwandishi, na Madame Degroote mshauri wa mambo ya wanawake. Kamati ilikaa dakika kumi. Ikaona kwamba kabla ya kwenda ng'ambo mwenyeji lazima ajizoeze ng'ambo; kwamba hawezi kujizoeza ng'ambo bila paspoti; na kwamba kwa hiyo ng'ambo yenyewe itabidi iletwe karibu.

"Iletwe wapi, Bwana?" Théodore aliuliza.

Bwana Degroote alitazama nje ya dirisha, kule juu kwenye mapaa mekundu na maua ya waridi ya mtaa wa wazungu.

"Muhumba," akasema.

Watu hawakushangaa. Mtu mweusi aliingia Muhumba asubuhi kwa karatasi ya kazi na kutoka jioni kabla polisi hajaitaka. Na mbwa wa huko walisemeshwa Kifaransa. Kama hiyo si ng'ambo, ng'ambo ni nini? Théodore mwenyewe alizaliwa kwenye kilima kile, maana ndizi za babu yake zilikuwa pale penye uwanja wa tenisi. Lakini hilo halikuandikwa popote, na Ofisi haikulijua.

Basi likatoka Agizo namba 15. Muhumba yote inahesabiwa kuwa ng'ambo. Mtu yeyote anayetoka huko kuingia Bukavu aonyeshe paspoti na cheti cha kujiheshimu, isipokuwa mwenye karatasi ya kazi. Vitu vyote vinavyotoka huko vijaribiwe kwa mkono mpakani.

"Bwana," alisema Théodore, vidole vikiwa bado juu ya mashini, "sikuona tarehe ya kumalizika."

"Théodore! Agizo la Serikali halina tarehe ya kumalizika. Serikali yenyewe haina."

"Ndiyo, Bwana."

Mpaka ulikuwa mwanzi mmoja uliolazwa juu ya barabara, na mlinzi wake Kaporali Cirhuza. Huyu aliteuliwa kwa sababu ya uaminifu aliouchuma kwa shida. Mwaka uliotangulia alimwacha mbwa wa Bwana Degroote apite bila karatasi yake ya sindano. Akalala siku saba ndani, naye Bwana Degroote akamwambia mlangoni kwamba sheria haina uso. Cirhuza alikuwa na siku saba za kulikariri neno hilo.

"Hakuna mtu kupita bila paspoti," Bwana Degroote alimwagiza.

"Hata kama ni Bwana?"

"Hata kama ni mimi!"

"Aksanti, Bwana," alisema Cirhuza, akapiga saluti kwa moyo wote.

Mtihani ulifanyika Jumapili saa nane mchana, watu wa Muhumba wakiwa wamelala baada ya misa na chakula. Watahiniwa walikuwa watatu: Théodore, Adélaïde, na Mwalimu Benoît, mtu mwenye shule nzuri na mdomo usiofungika. Walipewa paspoti za mazoezi, za siku moja, zisizodai cheti.

Mtihani wa kwanza ulikuwa kutazama majengo. Mtahiniwa anasimama, anatazama nyumba mpaka ahesabu tatu, anasema "Iko nzuri," anaendelea. Anayehesabu mpaka nne ametamani. Walifika kwenye uwanja wa tenisi.

"Mushagalusa," Benoît alinong'ona, "hapa si kwa ndizi za nkambo wako?"

"Leo ni majengo. Hesabu tatu."

Bwana Degroote aliyekuwa nyuma yao aliandika kwenye daftari: Karani, kosa dogo, ametazama huku akikumbuka.

Mtihani wa pili ulikuwa kununua. Kwenye baraza ya nyumba yake Madame Degroote alikaa nyuma ya meza yenye sufuria, kioo, mwavuli, na mashini yake ya kushona ya mkono. Mtahiniwa anaonyesha kitu, anasema "Kile, tafazali." Madame anajibu "Haiko." Mtahiniwa anasema "Aksanti," anaondoka akiwa ameridhika. Benoît alipita bila kosa lolote.

"Umejifunza wapi?" Bwana Degroote alimuuliza kwa mshangao.

"Kwenye kidirisha ya magazini, Bwana. Miaka kumi."

Ikawa zamu ya Adélaïde.

"Ile mashini, tafazali Madame."

"Haiko."

Adélaïde aliitazama. Ilikuwako. Mkono wake ukaenda wenyewe, vidole vinne, ukagusa gurudumu. Gurudumu likazunguka nusu, likasema tik, likakwama.

Bwana Degroote alifunga daftari, kisha akalifungua tena ili aandike: Mkono. Ameanguka. Na kwa kuwa evolwe hawezi kusafiri bila mke, ng'ambo wasije wakadhani hana, Théodore naye alianguka papo hapo. Mtihani mwingine, mwaka ujao.

Walishuka kilima. Kwenye mwanzi, Cirhuza alisoma paspoti zao mbele na nyuma, akawafungulia. Nyuma yao maboyi na wapishi wa Muhumba walikuwa wakirudi Kadutu, kila mmoja na karatasi yake ya kazi mkononi. Hakuna aliyezuiwa. Katika nchi ile mtu mweusi alizaliwa, akapata jina, kisha akapata karatasi. Ni mweupe tu aliyeishi vibaya hivyo, bila karatasi hata moja mfukoni.

"Ilisema tik," Adélaïde alisema walipofika Kadutu. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Inaomba mafuta. Yule mama hajui hata kuiangalia." Akafunga mlango, na usiku huo hakutaka kula.

Jumatatu asubuhi gari la Bwana Degroote liliteremka kwenda ofisini. Madame alikuwa kando yake, na kiti cha nyuma kilibeba ile mashini, iliyokuwa ikipelekwa kwa fundi kwa sababu ilianza kukwama. Mwanzi ulikuwa umelala barabarani.

"Paspoti," alisema Cirhuza.

"Cirhuza, fungua! Ni mimi!"

"Ndiyo, Bwana. Niko ninaona. Bwana anatoka ng'ambo."

"Mimi ndiye niliyeandika lile agizo!"

"Ndiyo, Bwana. Iko nzuri sana. Paspoti."

Bwana Degroote alipiga honi. Gari lililomfuata likapiga honi. Kabla ya saa mbili magari kumi na moja yalikuwa yamepanga mstari mpaka kwenye kona, na ndani yake hakukuwa na karatasi hata moja. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walitua vikapu ili watazame vizuri, na hawakuhesabu tatu. Mwisho Théodore aliitwa. Alikuja kwa mguu, pole pole, maana kanuni inakataza kukimbia na faili. Na chini ya kwapa alikuwa na Agizo, daftari la mtihani na muhuri.

"Théodore! Mwambie huyu mjinga mimi ni nani!"

Théodore alisimama upande wa Bukavu wa mwanzi. Aliuona uso ule aliouamkia miaka tisa, kofia mkononi. Leo hakuuogopa kama kawaida. Akafungua Agizo.

"Bwana ni Bwana Degroote, mukaaji wa ng'ambo," akasema. "Paspoti nitaipiga. Lakini kwanza cheti cha kujiheshimu huko. Bwana iko na shahidi?"

"Miye!" Benoît alipaza sauti kutoka kwenye kundi la watu, akiwa amesimama na darasa lake zima. "Nilikuwa kule jana. Bwana alijiheshimu. Hakusema hata bonjour kwa mutu."

Akina mama walicheka mpaka wakashika viuno.

"Kisha vitu," Théodore aliendelea. "Vinajaribiwa kwa mkono. Kaporali, unajua mashini ya kushona?"

"Miye ninajua bunduki tu."

"Nani anajua?"

Watu walipisha njia, na Adélaïde akapita katikati na kikapu chake cha mboga. Cirhuza alileta kiti chake mwenyewe cha ulinzi, akakipangusa kwa mkono wa koti. Mashini ikawekwa juu ya sanduku tupu la bia.

Adélaïde alikaa. Alikaa kwanza tu, bila kugusa kitu. Kisha akamwomba Cirhuza mafuta ya bunduki, akatia tone moja hapa na tone moja pale, akafungua kitambaa cha kichwani, akazungusha. Mashini ikakimbia. Magari yaliacha honi. Alishona ukingo wa kitambaa toka mwisho mpaka mwisho, hakuruka hata nafasi moja, akakata uzi kwa meno.

"Inashona," akasema. "Inaweza kuingia."

Mashini ikaingia Bukavu. Mwenyewe akabaki ng'ambo.

"Sasa muhuri, upesi!" Bwana Degroote alipiga kelele.

"Muhuri unapigwa na Bwana peke yake," Théodore alisema, "na ni hapa Bukavu tu."

Hapo Bwana Degroote alitoka garini, akapitisha mkono juu ya mwanzi, akaunyakua muhuri.

"Mukono!" alisema Benoît, na darasa lake likarudia kwa pamoja, kama somo: "Mukono!"

Théodore alifungua daftari la mtihani. Alisoma kwa sauti ile ile ya ofisini: "Mkono. Ameanguka. Mtihani mwingine, mwaka ujao."

Bwana Degroote alibaki hivyo, mkono Bukavu, tumbo Muhumba, uso umekuwa rangi ya mapaa. Alisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa:

"Théodore, tufanye nini?"

"Bwana anaweza kufuta kosa la mkono."

"Futa!"

"Kwa watu wote, Bwana. Mkono unahesabiwa sawa kwa wote."

Likafutwa. Kwa hiyo Adélaïde alikuwa amepita, na mume wake pamoja naye. Paspoti tatu za kweli, yake, ya mume wake na ya Benoît, zikapigwa muhuri palepale juu ya mwanzi, Cirhuza akiushikilia usitikisike. Magari yakaanza tena honi.

"Na hili Agizo? Limalizike!" Bwana Degroote alisema. "Leo! Weka tarehe!"

"Karani haruhusiwi, Bwana. Aandike Bwana mwenyewe."

Akaandika. Alibonyeza kalamu mpaka ikatoboa karatasi, ndipo Cirhuza akainua mwanzi.

Alhamisi Théodore na mke wake walipanda lori. Likateremka kupitia Luvungi, wakafika Usumbura, wakatazama majengo mpaka wakahesabu mia. Baadaye Kampala, Eulalie akawapeleka kwa Muhindi wake, naye akatoa kiti. Adélaïde alimshukuru, akakaa, akashona, akaondoka na mashini. Kwenye lori la kurudi aliishika magotini njia nzima, akamwambia mume wake kwamba kile kiti kilikuwa kizuri, lakini cha Cirhuza kilikuwa cha kwanza.

Théodore alirudi kwenye kazi yake. Karatasi zote aliziweka kwenye faili kwa namba, isipokuwa nakala moja ya Agizo 15, ile iliyotobolewa na kalamu. Hiyo aliipeleka Kadutu, akaificha kabatini chini ya uma na visu, mahali ambapo Serikali ilikwisha kukagua.

"Ya nini?" Adélaïde alimuuliza.

"Ni mufano," alisema Théodore. "Ni karatasi moja tu ambamo hii Serikali iliandika kwa mukono wake tarehe ya kumalizika. Siku ikitakiwa kuandika ingine, isije ikasema haijui namna ya kuiandika."