Nafasi ya Nne Kikosini

Jumatatu, 3 Juni
Wameniita boti! Mimi! Katika mchezo wetu wa bunduki wa kwenye simu, boti ni yule askari wa kompyuta anayesimama uwanjani akingoja kuuawa. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyelianzisha. Wenzetu kikosini, fundi wa kuchomelea na kinyozi, wakacheka hadi maiki zikakoroma. Eti nabebwa. Eti kujificha bafuni mechi nzima si mbinu. Kila mwaka watu husema mchezo huu umekwisha, na kila jioni tumo. Simu tatu zimenifia mkononi! Jumamosi kuna mashindano ya mtaa, kikosi ni watu wanne, nao wanatafuta wa nne mwingine. Watanitambua.

Jumanne, 4 Juni
Nimefungua akaunti mpya. Jina: Radi. Nimeua kumi na tisa! Ni kweli mchezo humpangia mgeni maboti watupu, lakini kuua ni kuua. Nimewatumia picha ya matokeo. Ngoja wambembeleze Radi, ndipo nijitaje.

Alhamisi, 6 Juni
Wamempa Radi nafasi yangu! Hata hawamjui! Shemeji kaniambia nisinune, nijifunze kwa wenzangu. Nikijitaja sasa nitaitwa tapeli. Huyo Radi mwenyewe nimeanza kumchukia. Nimedai pambano: mimi na yeye, ana kwa ana, mshindi achukue nafasi. Wamekubali.

Ijumaa, 7 Juni
Mimi na Radi tuko wawili, mikono ni ileile. Nikamfungua Radi kwenye simu ya mke wangu. Nikamweleza mke wangu yote, akaguna. Nikamwambia ashike tu, asiguse kitu, nije nimmalize. Shemeji na wenzake wanatazama mtandaoni. Mchezoni nikatoka bafuni kwa mbwembwe. Pa! Nimekufa. Raundi ya pili, pa! Ya tatu sikuuona hata mlango. Kwenye kochi langu mwenyewe! Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema amenitazama nikicheza miaka yote, leo kafanya kinyume.

Jumapili, 9 Juni
Wameshinda mashindano, mke wangu akiwa wa nne wao. Mke wangu anaitwa Radi hadi sokoni. Dharau gani hii! Lakini mimi si mtu wa kukubali yaishe. Nimefungua akaunti nyingine, Kimbunga, mgeni hatari. Nimedai pambano la watatu; mimi na Kimbunga tutambana Radi pande zote. Simu ya pili nimepata: mama mkwe yuko kwetu wiki nzima. Amevaa miwani, ameuliza bunduki inafyatuliwa wapi. Nimemwambia kwa heshima zote asihangaike na hilo, yeye ashike tu.