Hoja Zangu za Kulitetea Karasha

Jumatatu, 5 Mei

Leo tumeanza somo la wiki tatu la Stadi za Mawasiliano hapa chuoni Kahama. Wengine wameanza. Mimi, Januari Ngassa, nimeanza tena. Alama ya mwaka jana siiandiki humu, maana shajara inaweza kuokotwa. Nikianguka safari hii narudishwa nyumbani, kijijini karibu na Masumbwe, ambako Baba Mdogo Maige ameshanitengea beleshi.

Mwalimu ni Madam Salome. Mfupi, mpole, hapandishi sauti. Anasema anayetaka kushawishi ana njia tatu: hadhi yake, yaani kwa nini aaminiwe; hisia za msikilizaji; na mantiki. Akatuletea tangazo la mbegu za mahindi kutoka gazetini, akalichambua mbele yetu. Mwanamume mwenye koti jeupe: hadhi. Mtoto anayecheka: hisia. "Mavuno mara mbili": hiyo ingekuwa mantiki, akasema, kama wangetuambia mara mbili ya nini. Darasa likacheka. Mimi niliandika: tafuta koti jeupe.

Kazi ya somo tunafanya wawili wawili. Kila jozi itafute jambo ambalo watu wanalibishania kweli. Mmoja aunge mkono, mwingine apinge, na barua ziende kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua. Nimepangwa na Noela. Msichana wa Chato, anakaa mbele, anaandika hata Madam anapokohoa.

Jumanne, 6 Mei

Nilipendekeza tubishane juu ya sare za chuo. Mada nyepesi, haina mwenyewe. Noela hakukataa. Aliniuliza tu kwetu ni wapi. Nikajisahau, nikaanza kumsifia Baba Mdogo na karasha lake, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kubwa kuliko zote kijijini, iko pale pale jirani na shule ya msingi.

Akauliza jirani kiasi gani. Nikasema kama hatua arobaini kutoka darasa la tatu. Akaweka kalamu chini. Halafu akaichukua tena.

Basi mada ndiyo hiyo. Madam ameipenda. Amempigia mtendaji wa kata, Bwana Edward, na kumbe malalamiko ya shule yako mezani kwake tangu mwaka juzi. Amesema ataitisha mkutano shuleni Jumatano ya wiki ijayo, barua zetu zisomwe huko, kisha ataamua. Noela anataka karasha lihame. Mimi nalitetea.

Baba Mdogo, ambaye ndiye anayenisomesha, amefurahi. Amesema mwishowe elimu yangu imepata kazi. Amesema pia karasha likihamishwa itabidi kuchimbwa msingi mpya, na mchimbaji anamjua.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeanza na hadhi. Kwa kuwa mimi sina, nimeazima. Niliandika kwamba Profesa Mwigulu Lushinge, bingwa wa masikio, amethibitisha kuwa mlio wa mawe hukomaza usikivu wa mtoto. Aya nzuri sana. Niliisoma mara nne.

Madam aliisoma mara moja. Akauliza profesa huyu aliandika haya mwaka gani. Nikasema elfu mbili kumi na tisa. Akauliza wapi. Nikasema Ulaya. Akauliza Ulaya sehemu gani. Nikasema katikati.

Hakukasirika. Alipiga mstari juu ya aya yote kwa kalamu nyekundu, polepole, kama mtu anayepiga pasi. Akasema shahidi ambaye hayupo hawezi kuulizwa swali, na asiyeweza kuulizwa swali si shahidi. Noela alikiandika hicho. Yeye hakikumhusu hata kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekuja nyumbani kutafuta hisia.

Mkakati wangu ni Bibi. Ni mama yake Baba Mdogo, anakaa nyumba iliyopakana kabisa na karasha. Mjane, mwembamba, sura ya huruma. Akilia mkutanoni kwamba karasha ndilo linalomlisha, nani atasema lihame?

Nilimkuta mlangoni, kikombe cha chai kiko chini pembeni yake, kinatetemeka. Nikamwamkia, "Mwangaluka, Bibi." Hakuitika. Nikaongeza sauti. Akaitika, "Mhola duhu," kwa nguvu, kuku wakatawanyika.

Karasha lilikuwa linanguruma, ikabidi nimpigie kelele sikioni. Nikamwambia: Jumatano, mkutanoni, nikikohoa, ulie. Akauliza nini. Nikasema tena: "Ulie, Bibi. Ulie." Akauliza, mbele ya watu wote? Nikasema ndiyo, mbele ya watu wote. Akafikiri. Akasema sawa, meno hana mengi lakini atajaribu.

Sikuelewa meno yanahusikaje. Wazee wana namna zao.

Jumapili, 11 Mei

Nimerudi chuoni. Jioni nilimwambia Noela kwamba, kama mwenzake, niko tayari kumkagulia nukta na mikato. Akanipa barua yake bila wasiwasi. Hii ndiyo shida ya watu wa mbele, wanaamini.

Nukta zake hazina kosa. Lakini nimepata nilichotaka. Hoja yake nzima imesimama juu ya kitu kimoja: kwamba ukikaa darasa la tatu humsikii mwalimu. Sasa, mtendaji atakuwa amekaa humo humo. Je, akisikia kila kitu?

Nimempigia Baba Mdogo azime karasha Jumatano kuanzia asubuhi. Alisita, maana wenye mawe wamepanga foleni. Nikamweleza kwamba hii inaitwa mantiki. Akakubali. Nimelala mapema, roho nyeupe.

Jumatano, 14 Mei

Naandika nikiwa nyumbani. Nitaandika kwa mpangilio.

Koti jeupe nililipata kwa muuza nyama wa stendi, limefuliwa. Tulipofika shuleni, mimi, Noela na Madam, mzee mmoja aliniuliza kama maini yamefika. Nikasema bado.

Kijiji kilikuwa kimya. Sijawahi kukisikia hivyo tangu karasha lije. Unasikia hata mbuzi anavyotafuna. Tukaingia darasa la tatu: watoto wamekaa, wazazi wamesimama ukutani, Baba Mdogo nyuma kabisa na kofia mkononi, Bibi kwenye kiti cha mbele ana kifuko mapajani. Nikaona mambo yamekaa sawa.

Bwana Edward akaingia. Watoto wakasimama, wakamwamkia.

Sijui niielezeje ile shikamoo. Ilimrudisha nyuma hatua moja, faili likamponyoka. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mbuke, akamkaribisha. Alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kushikana mikono, lakini alimkaribisha kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mzazi mmoja akaomba dirisha lifunguliwe, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Na hakuna aliyeshtuka ila sisi tuliotoka nje ya kijiji.

Mtendaji aliinama kwa msichana wa dawati la mbele, akamuuliza taratibu kwa nini wanapiga kelele.

"Hatupigi kelele," msichana akasema, na kioo cha dirisha kikalia. "Tunaongea."

Nikaitwa mimi. Nikasimama na koti langu. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Nikafungua wa pili, na wa pili ulikuwa ule wenye Profesa Lushinge, umepigwa mstari mwekundu wote. Ule mzuri niliusahau chuoni. Nikafanya kilichobaki. Nikakohoa.

Bibi akafungua kifuko, akatoa michembe, viazi vikavu vile vigumu, akaanza kula. Alikula polepole, akinitazama machoni, akijitahidi. Watu wote wakawa wanamwangalia yeye. Nikakohoa tena, nikifikiri hajasikia. Akaongeza kasi.

Mtendaji akamuuliza, "Bibi, kuna tatizo?"

Mwalimu Mbuke akalirudia swali kwa sauti yake ile. Bibi akajibu, "Huyu mjukuu wangu ameniambia nile. Mbele ya watu wote, nile. Nimeshangaa, lakini ni msomi."

Walicheka. Mimi pia nilijaribu. Lakini Bibi hakuwa anacheka. Alikuwa anageuka-geuka kumtafuta Baba Mdogo, na alipomwona akamuuliza:

"Maige, nani amekufa?"

Baba Mdogo akasema hakuna, Mama. Hakusikia. Akaendelea, "Kikombe changu hakijatetemeka tangu asubuhi. Nikajua ni msiba, mmesimamisha mashine. Mbona hamkuniambia?"

Hapo kicheko kikakatika.

Mtendaji akaniambia niendelee. Nikamtazama Bibi, nikatazama ubao. Nikasema nimesoma darasa hili hili, nilikuwa nakaa pale dirishani, kabla karasha halijaja. Mwalimu Mbuke alikuwa akiandika ubaoni, nami nilikuwa naisikia chaki. Nikasema ni kweli karasha linalisha watu kumi na wawili, nawajua wote kwa majina. Lakini wote wana miguu, na karasha likihamia korongoni, nje ya kijiji, si mbali. Nikakaa. Haya hayakuwemo kwenye barua yoyote.

Kisha Noela. Hakupandisha sauti. Kumbe Jumatatu alikuja huku peke yake, karasha likiwaka. Mwalimu Mbuke aliwasomea watoto maneno ishirini ya imla mle darasani. Kwa wastani walipatia saba. Akawahamishia kanisani, upande wa pili wa kijiji, akawasomea mengine ishirini ya kiwango kile kile. Walipatia kumi na sita. Noela alikuwa na madaftari yao. Akayaweka mezani, akasema hana zaidi.

Kwa hiyo kuzima karasha leo hakukumpunguzia kitu. Kulituonyesha tu sisi ni watu gani likizimwa.

Bwana Edward ameamua. Karasha linahamia korongoni ndani ya mwezi mmoja, wafanyakazi wote na kazi zao.

Alhamisi, 15 Mei

Nilikaa chumbani mpaka saa nne kumkwepa Baba Mdogo. Mwisho njaa ikanitoa.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na Bibi, karibu sana, mdomo sikioni mwake. Alikuwa anamsimulia nani kaoa, nani kahama, ng'ombe gani kazaa. Habari za miaka miwili. Bibi anaitikia, mara anacheka, mara anamrudisha nyuma ampe jina vizuri.

Aliponiona hakugomba. Akasema alidhani mama yake amemchoka. Alikuwa akimsalimia asubuhi, haitiki, basi naye akaacha kusimama pale, akawa anapita moja kwa moja kwenda kwenye mashine. Akasema yeye mwenyewe husikia mluzi masikioni akilala, hakuwahi kumwambia mtu.

Akanigeukia. Nikafikiri ataniambia asante.

Akaniambia beleshi liko nyuma ya nyumba.

Jumatano, 21 Mei

Nimerudi chuoni juzi. Msingi umekwisha upande mmoja, na Jumamosi namalizia wa pili. Vidole havikunji vizuri, mwandiko unisamehe.

Madam amerudisha alama. Noela ana A. Mimi nimepita. B.

Niliusoma ukurasa wote kutafuta kosa la kujumlisha. Halipo. Barua ameipa kidogo sana, na pembeni ya Profesa Lushinge ameandika "marehemu". Alama zangu zimetoka kwenye yale niliyosema baada ya kuishiwa. Ameandika: "Ulikubali ukweli wa upande wa pili, ukasema ulichokiona mwenyewe, ukaonyesha njia. Hoja yako ilianzia hapo. Jiulize kwa nini."

Noela naye alinifuata nje ya darasa. Akasema, "Kaka Januari, ungeanza na ile chaki, mimi ningekuwa na kazi ngumu." Akasema mtu akieleza jambo alilolipitia, hata anayempinga hutega sikio. Alikuwa anamaanisha. Nilimshukuru.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, jioni nzima, kama Madam alivyoagiza. Nimerudia kila kitu cha siku ile, kimoja kimoja, kutafuta kilichowagusa watu.

Nadhani ni koti.

Ijumaa, 23 Mei

Ratiba ya muhula ujao imebandikwa. Tuna Takwimu. Wanaorudia somo hilo ni wengi kuliko wanaolianza, na mwalimu ni mpya, anaitwa Bwana Amosi. Hatabasamu hata kwenye picha ya kitambulisho.

Leo kilikuwa kipindi cha mwisho cha Madam Salome. Alituaga kwa kusema kwamba kabla hujaandika neno la kwanza, mjue atakayelisoma: anatoka wapi, anajali nini. Nilipigia mstari mara mbili. Maneno ya maana kabisa, na nimeyafanyia kazi siku hiyo hiyo. Bwana Amosi anatoka Chato.

Nikamuuliza Noela watu wa kwao wanapenda nini. Akasema wanapenda mtu anayefanya kazi yake mwenyewe. Nikamwambia nauliza chakula. Alinitazama kwa muda, kama anayesoma maandishi ya mbali, kisha akasema sato.

Nimempigia Baba Mdogo kumweleza kwamba msingi utasubiri kidogo, nina safari ya kimasomo. Kesho alfajiri napanda basi la Chato. Nitarudi na samaki watatu, sato wakubwa, kwenye barafu.

Muhula unaanza baada ya wiki sita. Barafu, nimeambiwa, hukaa siku mbili. Hilo nitalifikiria njiani.